Tupeane uzoefu: umejuaje kwamba maktaba ya shule imewasaidia wanafunzi kujifunza?

Walimu wenzangu, habari za kazi. Shule yetu ya msingi ilipopata maktaba, mwaka mzima niliripoti idadi ya vitabu vilivyoazimwa, nikiamini kwamba huo ndio ushahidi. Siku moja nikipanga rafu niliona kwamba vitabu vingi vilikuwa na alama za vidole na masizi ya kibatari katika kurasa tatu au nne za mwanzo, ilhali zilizofuata zilikuwa safi kabisa. Daftari la kuazima lilithibitisha kwamba kitabu kilifika nyumbani, si kwamba kilisomwa. Aliyewahi kupima jambo hili atueleze alivyofanya.

Mwalimu wa darasa la pili:
Mimi nilifuata njia ambayo Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto Afrika Mashariki, walianza kuitumia Tanzania 2010 wakipita kaya kwa kaya: mtoto husoma peke yake mbele ya mpimaji, silabi, maneno, aya, hatimaye hadithi fupi. Nilimsikiliza kila mtoto Januari, nikarudia Novemba, na karibu wote walikuwa wamepanda. Nilifurahi mno, mpaka mwalimu wa taaluma aliponiuliza kama wasingepanda hata bila maktaba, kwa kuwa walikuwa darasani mwaka mzima. Swali lile lilinikosesha usingizi, kwa sababu lilikuwa la haki. Mwaka uliofuata nilipima pia mkondo B, ambao ulikuwa haujaanza kipindi cha maktaba, nikalinganisha hatua ambazo kila mkondo umepiga badala ya alama za mwisho pekee. Katika silabi mikondo ilikaribiana. Tofauti ilijitokeza kwenye hadithi na maswali ya ufahamu.

Mkutubi wa sekondari:
Kwetu tatizo lilikuwa jingine, kwani wanaokuja maktaba kwa hiari ni wale wale wanaofaulu tangu zamani. Mtafiti Keith Curry Lance na wenzake, katika utafiti wao kuhusu maktaba za shule na matokeo ya wanafunzi huko Colorado, Marekani, uliotoka 1993, walizingatia pia hali ya uchumi ya jamii, maana shule yenye uwezo huwa na maktaba nzuri na matokeo mazuri kwa pamoja. Nami sasa nawalinganisha wanafunzi walioingia kidato cha kwanza na alama zinazokaribiana.

Mwanzisha mada:
Mwalimu wa darasa la pili, mimi nina watoto 90. Muda wa kumsikiliza mmoja mmoja uliupata wapi?

Mwalimu wa darasa la pili:
Watoto watano kila siku, kabla ya kengele ya asubuhi, chini ya mwembe.