Vijana kutafuta kazi mbali: ndoa za vijijini kwetu zimebadilikaje?

Binti wa Tukuyu: Wanajukwaa, naomba mchango wenu. Hapa kwetu Rungwe posa nyingi huletwa na mshenga kwa niaba ya kijana aliyeko Dar es Salaam au Tunduma, mahari hutumwa kwa simu, na harusi hufungwa Desemba. Januari mume amekwisha kurudi kazini, na mke amebaki kwa wakwe akipalilia mahindi. Wazee husema haya yameletwa na kizazi chetu. Je, ni kweli?

Mzee wa Kiwira: Mwanangu, wazee hao wamesahau habari za baba zao. Katika miaka ya 1930 vijana wa Rungwe walikuwa wakienda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya, na wengine walivuka hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakati Wabena wa Njombe walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Awali kijana alitegemea ng'ombe wa baba yake, ambaye pengine mwenyewe alikuwa bado anaongeza wake na hakuwa na haraka ya kumwoza mwanawe. Mshahara ulimwondolea kijana kungoja huko, lakini fedha hizo hizo zilipandisha mahari, hata mdogo wake naye akalazimika kusafiri ili aoe.

Mama Mafinga: Shikamoo mzee. Niongeze kwamba wasafiri si wanaume peke yao. Mabinti wengi wa Iringa na Njombe huenda mijini kufanya kazi za ndani, na baadhi yao huanza kuishi na mwenza kabla barua ya posa haijafika nyumbani. Siku mkwe anapojitokeza, wazazi humtoza kwanza faini ya kumchukua binti bila ruhusa, ndipo wazungumze mahari (na wajomba hawasahau blanketi lao).

Mfuatiliaji wa sheria: Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika hivyo, ingawa dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Haimsaidii mwanamke wa mjini ikiwa mwanamume huyo tayari ana ndoa ya mke mmoja kijijini. Kwa hiyo, Binti, mke anayebaki kwa wakwe akitunze mwenyewe cheti chake cha ndoa, wala asitishwe na salio la mahari, kwa kuwa kutokamilika kwake hakubatilishi ndoa.