Jina la kadi lile lile, boksi lile lile, chipu nyingine kabisa! Huu ni uhuni

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina mashine ya FreeBSD 4.11 (mfumo endeshi wa ukoo wa Unix), toleo la mwaka 2005. Kabla hamjaanza na ule wimbo wenu wa "pandisha toleo": imebeba kadi ya vipimo ambayo moduli yake ya kerneli (kipande kinachopachikwa kwenye kiini cha mfumo) ilitengenezwa kwa toleo la 4 tu, msimbo wake haupo, na aliyeitengeneza alishafunga shughuli. Moduli ya 4 haipakiki kwenye 5, sembuse 13. Kwa hiyo hilo tuliweke pembeni.

Kontrola ya SATA, yaani kadi inayounganisha diski na mashine, ikafa. Nikanunua nyingine ya jina hilo hilo, namba ya modeli hiyo hiyo, na kwenye boksi wameandika kwa majigambo "Linux/Unix". Nikachomeka, nikawasha. Kerneli ikapakiwa vizuri, mistari ikatiririka, halafu kimya:

mountroot>

Yaani kerneli imekosa diski yenye mfumo, inaniuliza iko wapi. Nikaandika alama ya kuuliza ili inionyeshe diski ilizoziona. Hakuna hata moja! Diski ile ile ambayo kerneli imetoka kusomwa humo sekunde chache nyuma.

Sababu yake haina uchawi. Mwanzoni kipakiaji (programu inayoileta kerneli) husoma diski kupitia BIOS, programu ya msingi ya mashine, na ROM ya kadi (programu iliyochomwa ndani ya kadi) ndiyo inayojibu. Kerneli ikishashika usukani inaachana na BIOS na kutafuta draiva yake yenyewe, yaani programu ya kuendesha hiyo kadi. Isipokuwepo, umekwama mlangoni.

Nikawasha kwa CD ya FreeBSD, nikapiga pciconf -l, amri inayoorodhesha kadi za PCI zilizochomekwa. Mstari wa kadi unaanza na none0, yaani hakuna draiva iliyoidai, na mbele yake class (aina ya kifaa) =0x010400. Hapo ndipo damu ilipochemka. Kadi ya zamani ilikuwa na chipu ambayo draiva ya ata, ile ya diski kwenye FreeBSD, inaijua. Hii mpya ni chipu ya kampuni nyingine, na inajitambulisha kama RAID (ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja). Ingejitambulisha walau kama IDE ya kawaida (mtindo wa diski wa kabla ya SATA), 0x0101, ata ingeishika kwa njia ya jumla, polepole lakini ningefanya kazi. Na hiyo RAID yenyewe ni jina tu, kazi yote inafanywa na draiva ya Windows.

"Unix" yao je? Ni moduli moja kwenye CD iliyokuja na kadi, tena ya Linux 2.4, imeshakompailiwa, bila msimbo. Ukiwa na kerneli tofauti kidogo tu, inakataa.

Nikawaandikia watengenezaji wa kontrola. Wakajibu kwamba modeli haijabadilika. Modeli! Kwani kerneli inasoma stika? Inasoma namba za PCI, basi.

(Wazee mnaikumbuka CMD640, chipu ya IDE ya miaka ya 90, iliyokuwa ikiharibu data kimyakimya? Ile nayo waandishi wa kerneli ndio waliohangaika kuizungukia.)

Na orodha za utangamano zinazozunguka huku mtandaoni nazo zinanikera. "Kadi fulani inafanya kazi." Ipi? Ya chipu gani, rev (toleo la chipu) ngapi? Mtu ananunua kwa kuiamini, anaishia kama mimi.

Mwenye kadi ya PCI ya SATA inayofanya kazi kwenye 4.x, abandike hapa mstari mzima wa pciconf: class, chip na rev. Picha ya boksi msiniletee.