Yule "msomi" wetu, ati Condorcet ALINAKILI!

Wakuu, simtaji, mnamjua. Leo kaandika bila kupepesa macho ati Condorcet, mwanafalsafa wa Ufaransa, alinakili hoja za haki za wanawake kwa Mary Wollstonecraft, mwandishi wa Uingereza. ALINAKILI! Makala ya Condorcet ya kudai wanawake wapewe haki za uraia ilitoka Paris Julai 3, 1790. Kitabu cha Wollstonecraft cha haki za wanawake, London, 1792. Alinakili kwa ramli? Na msiniletee kile cha haki za wanaume cha kumjibu Burke, yule mpinzani wa Mapinduzi ya Ufaransa, nacho ni Novemba 1790.

Tena hata hawafanani. Condorcet anauliza: kama mimba na maradhi ya kupita yanamnyima mwanamke haki, mbona mwenye jongo kila majira ya baridi hanyimwi? Wollstonecraft anashika elimu, anamkaba mwanasiasa wa Ufaransa Talleyrand na mpango wake wa shule wa 1791. Nimemwekea tarehe zote, kajibu neno moja: "Kasome." Mtu aliyesema ALINAKILI!

Kiberiti: Povu lote hili kwa tofauti ya miezi 18? Kanywe maji mkuu.

BiDaftari: Afadhali wako. Wangu ni hawa wa "Olympe de Gouges alikatwa kichwa kwa tamko lake la haki za wanawake la 1791". Mwandishi huyo wa Ufaransa alikamatwa 1793 kwa bango la masanduku matatu ya kura, la kutaka wananchi wachague aina ya serikali. Na wote wananukuu kifungu cha 10 cha tamko tu, kwamba mwanamke akiruhusiwa kupanda jukwaa la kuuawa apande na la kuhutubia. Cha 11 hawafiki! Ndicho kinachompa mama uhuru wa kumtaja baba wa mtoto hadharani.

Wakili_Mchovu: Hamjakutana na wanaosema mke wa Uingereza hakuwa na kitu kabisa. Mwanasheria Blackstone aliandika 1765 kuwa mume na mke ni mtu mmoja kisheria, sawa. Fedha, vyombo na mifugo ya mke vilikwenda kwa mume. Ardhi ya mke, mume alikula kodi yake, lakini kuiuza ilibidi mke aridhie. Wenye nacho walikwepa: kabla ya harusi baba anaweka mali kwa wadhamini waishike kwa niaba ya binti, na Mahakama ya Chancery, iliyoamua kwa misingi ya haki na si sheria kavu, inailinda. Kosa la kizembe lilikuwa hati ya mali hiyo kutoonyesha kuwa mali ni kwa matumizi ya mke peke yake. Hapo mume anazoa.

Mpitanjia: Na Poulain de la Barre, aliyetetea usawa wa wanawake na wanaume tangu 1673, mnamwachia nani? Kila kitu mnaanzia Mapinduzi.

Kiberiti: Huyo naye alinakili kwa Wollstonecraft 😂

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada jamani.

BiDaftari: Wakili, na hati isipotaja mdhamini?

Wakili_Mchovu: Chancery inamgeuza mume mwenyewe kuwa mdhamini.

BiDaftari: Fisi kapewa bucha alinde!