Programu ya ratiba za shule: watu wanapakua, hawanunui

Vipindi_Nane:

Wakuu, naomba mawazo yenu, na tafadhali msiniambie "tangaza zaidi" kabla hamjafika mwisho.

Nina programu ya Windows inayopanga ratiba za vipindi shuleni. Unaingiza walimu, madarasa, masomo na vyumba, unaweka masharti (mwalimu wa Fizikia hayupo Ijumaa mchana, maabara ni moja tu, Hisabati isikae kipindi cha mwisho), unabonyeza kitufe, inakupangia. Nimewahi kufundisha, na kila mwaka ratiba ilikuwa inaniangukia mimi kwa sababu "wewe si unajua kompyuta", kwa hiyo adha yake naijua vizuri.

Niko peke yangu. Msimbo ni mimi, tovuti ni mimi, ankara ni mimi, kujibu wateja ni mimi. Leseni ni ya mwaka, shule nzima. Majaribio ni siku 14, kila kitu kiko wazi, zikiisha inajifunga.

Wageni wanakuja kwenye tovuti kupitia Google, na wengi tu wanapakua. Baada ya hapo kimya. Wanaonunua ni wachache mno, lakini hao wachache hawaondoki. Wanalipia mwaka hadi mwaka na wengine huniandikia kushukuru, ndiyo maana siamini kwamba programu ni mbovu.

Nawaza mambo manne: nishushe bei, nihamie malipo ya kila mwezi, nilipie matangazo ya Google, au niiandike upya iwe ya kwenye kivinjari, maana naambiwa siku hizi hakuna anayesakinisha kitu. Halafu kuna FET, ya bure, msimbo wake uko wazi, na inapanga ratiba vizuri kabisa. Nikiiwaza hiyo naishiwa nguvu.

nukta_mkato:

Shusha bei nusu, weka malipo ya mwezi, angalia kitakachotokea. Mteja wa kwanza ndiye mgumu. Na ya kivinjari haikwepeki mkuu, hata ukichelewa utafika huko huko.

Kibodi Kongwe:

Nukta, usinune, lakini wewe hujawahi kuiuzia shule kitu.

Vipindi, mimi nauza programu ya maktaba za shule, kwa hiyo wateja wetu wanakaa jengo moja. Nianze na bei ili tumalizane nayo. Mwalimu anayepakua programu yako hailipii kutoka mfukoni mwake. Analipa mkuu wa shule, kupitia mhasibu, kwenye fungu ambalo lipo au halipo. Fungu likiwepo, bei ya sasa na nusu yake kwao ni kitu kimoja. Kwako wewe si kitu kimoja, maana shule iliyolipa nusu inakuandikia barua pepe nyingi sawasawa na iliyolipa yote, na mjibuji ni mmoja.

Malipo ya mwezi nayo, fikiria wewe mwenyewe. Ratiba inapangwa mwanzoni mwa mwaka, inarekebishwa kidogo mwalimu akihama au akienda likizo ya uzazi, basi. Ukiwapa malipo ya mwezi watalipa mwezi mmoja, watachapisha, watasitisha. Na watakuwa na haki. Baki na mwaka. Ila leseni ikiisha, ratiba ya zamani iendelee kufunguka na kuchapishika. Unachofunga ni kupanga mpya. JetBrains, kampuni inayouza zana za kuandikia programu, walipotangaza kuhamia malipo ya kila mwezi au kila mwaka mwaka 2015 watengenezaji programu waliwajia juu, na kilichopoza hasira ni ahadi ya kwamba ukishalipia mwaka mzima, kuna toleo linabaki lako hata ukiacha kulipa. Anayenunua haogopi kulipa tena kama anavyoogopa kufungiwa nje ya kazi yake mwenyewe.

Sasa penye uzito. Siku 14.

Jiweke kwenye kiti cha huyo mwalimu. Kapakua Jumanne saa kumi jioni, baada ya vipindi, kwa sababu walimu wawili wamekutana mlango wa darasa moja na kila mmoja ana karatasi inayosema kipindi ni chake. Ana hasira, anataka suluhisho. Anafungua programu yako. Anakutana na nini? Kama ni dirisha tupu lenye kitufe cha "Ongeza mwalimu", umeshampoteza. Ana walimu arobaini wa kuingiza mmoja mmoja, halafu masomo, halafu nani anafundisha wapi, vipindi vingapi. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa za jioni kabla hajaona hata mstari mmoja wa ratiba. Anafunga, anasema atarudi wikendi. Anarudi baada ya wiki tatu na programu inamwambia muda wako umekwisha.

Kwa hiyo usihesabu siku kabisa. Mwache aingize, apange, abadilishe masharti, aone ratiba ya shule yake yenye majina ya wenzake. Kufuli liwe kwenye kuchapisha na kutoa PDF. Mchezo wa kompyuta wa Doom ulipotoka mwaka 1993 sehemu ya kwanza nzima ilikuwa ya bure, si dakika kumi za kuonjesha; watu waliimaliza, wakataka zilizobaki, wakalipa. Mtu akishaiona ratiba yake kwenye kioo bila mgongano hata mmoja, hakuna tangazo litakalomwambia zaidi ya hapo. Atatoka pale kwenda ofisi ya mkuu mwenyewe.

Ili afike hapo haraka, mpe pa kubandika kutoka Excel. Kila shule tayari ina jedwali la walimu na masomo, ndilo wanalogawana mwanzo wa mwaka. Litakuwa chafu: seli zimeunganishwa, mwalimu mmoja kaandikwa kwa namna tatu, pengine "Bi." pengine herufi ya kwanza tu, na safu ya mwisho ina maoni ya mtu kuhusu gwaride. Lipokee hivyo hivyo lilivyo. Mwulize tu, "Hawa watatu ni mtu mmoja?" na vitufe viwili. Hiyo skrini moja ina thamani kuliko kuiandika upya yote iwe ya kivinjari. Ukiandika upya utapoteza mwaka, halafu utakuwa na seva ya kulinda na taarifa za walimu wa watu mikononi mwako. Sasa hivi taarifa zinabaki kwenye kompyuta ya shule. Je, umeiandika hiyo kwenye tovuti? Iandike juu kabisa.

Matangazo ya Google: ndiyo, lakini kwa majira. Huku kusini, Australia na Afrika Kusini kwa mfano, mwaka wa shule unaanza Januari au Februari. Ulaya na Marekani ni Agosti na Septemba. Japani ni Aprili. Lipia wiki chache kabla ya hapo kwa nchi husika, miezi mingine zima. Na usilipie maneno "programu ya kupanga ratiba", hayo wakubwa wameshayapandisha. Mwalimu mwenye shida anatafuta "ratiba ya shule Excel". Mtengenezee hicho kiolezo cha Excel, kizuri, cha bure kweli, kinachopaka rangi nyekundu mwalimu akigongana vipindi. Atakitumia, kitamshinda akifikisha madarasa kumi na mawili, na faili lile lile aliloshalijaza programu yako inalifungua bila kuandika tena.

FET ikuache ulale. Anayeimudu FET ana subira ya kuisoma na hakuhitaji, mwache. Tena faili zake ni XML, maandishi ya kawaida ambayo programu nyingine inaweza kuyasoma. Zisome, ili aliyechoka nayo aje na kazi yake mkononi. Wewe unauza programu pamoja na mtu anayejibu barua usiku wa kuamkia kufungua shule. Sema hivyo kwenye ukurasa wa bei, kwa jina lako. Ile "timu yetu ya huduma kwa wateja" mnayoandikaga mkiwa mtu mmoja hainunuliwi na mtu yeyote.

Vipindi_Nane:

Kongwe, ahsante sana. Hilo dirisha tupu lenye "Ongeza mwalimu" umelijuaje? Ndivyo lilivyo.

Nimekwenda kuangalia kumbukumbu za seva. Programu ikifunguliwa huuliza kama kuna toleo jipya, kwa hiyo naweza kulinganisha waliopakua na waliofungua. Kuna kitu sikukitegemea: sehemu kubwa ya waliopakua hawajaifungua hata mara moja. Hawafiki hata kwenye hilo dirisha. Sasa hii ni nini?

mama_msimbo:

Hiyo naijua. Umeisaini programu yako kwa cheti, yaani saini ya kidijitali inayoonyesha nani kaitengeneza? Kama hujaisaini, mwalimu akibonyeza faili Windows inamletea lile dirisha la buluu kwamba kompyuta yake imelindwa, mchapishaji hajulikani. Kitufe cha kuendelea kimefichwa nyuma ya maandishi madogo ya "maelezo zaidi". Wewe mtaalamu unapita, mwalimu anafikiri ni kirusi. Na ukimwandikia kwenye tovuti "puuza onyo, endelea", umemfundisha tabia mbaya, na bado hakuamini.

Cheti kinanunuliwa kwa kampuni zinazotoa vyeti, wanahakiki wewe ni nani, kisha unasaini. Tangu Juni 2023 ufunguo wa siri hauruhusiwi kukaa kama faili la kawaida. Unatakiwa uwe ndani ya kifaa maalumu, kama kijiti cha USB, au kwenye huduma ya mtandaoni inayoutunza. Ndiyo, ni usumbufu, hasa kama unajenga matoleo yako kwa mashine isiyo mezani kwako. Na usitegemee onyo litaondoka siku hiyo hiyo. Sifa inajengwa polepole kadiri watu wanavyopakua bila matatizo. Njia fupi zaidi ni kuiweka Microsoft Store, duka la programu la Windows, kwa muundo wa kifurushi unaoitwa MSIX, hapo wanaisaini wenyewe. Unaweza kuwa na zote mbili.

La pili, kompyuta za shule nyingi zina mtu wa TEHAMA aliyeshika nywila ya msimamizi. Programu yako ikiomba nywila hiyo ili isakinishwe, mwalimu amekwama pale pale. Ifanye isakinishwe kwenye folda ya mtumiaji bila kuomba kitu. Programu ya ratiba haina sababu ya kugusa mfumo mzima.

nukta_mkato:

Sijanuna. Ila hapo mama_msimbo ametaja matatizo mawili ambayo kivinjari hakina 😀

mama_msimbo:

Kweli kabisa. Ila ni kazi ya wiki mbili, si ya mwaka.

Kibodi Kongwe:

Mama_msimbo amenikumbusha jambo jingine la aina hiyo: barua yenye namba ya leseni. Jitumie mwenyewe kwenye anwani za Gmail, Outlook, na ya shule moja rafiki, uone inaangukia wapi. Kama SPF na DKIM, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, hazijawekwa kwenye jina lako la tovuti, kuna uwezekano mkubwa inazikwa kwenye taka, na mteja aliyelipa anaanza uhusiano wenu kwa kudhani ametapeliwa.

Halafu profoma, yaani ankara ya awali ambayo shule huidhinisha kabla ya kulipa. Ukurasa wako wa bei una kitufe gani? Nakisia ni kulipa kwa kadi. Mwalimu hana kadi ya shule. Weka cha pili, "Pata profoma": anaandika jina la shule, inatoka PDF papo hapo. Bora zaidi, iwe ndani ya programu, pale pale anapokutana na kufuli la kuchapisha. Ikishatoka iambatane na ukurasa mmoja wa ratiba yake wenye maandishi hafifu ya "majaribio" kwa nyuma. Mkuu wa shule hataisoma tovuti yako, lakini karatasi yenye majina ya walimu wake ataisoma mpaka mwisho, na atatafuta kosa. Asipoliona, umeuza.

Na walioshukuru, waombe jambo moja mahususi. Wale wa mwanzo wa programu za kugawiana (shareware) walielewa hili zamani. Bob Wallace na PC-Write yake, programu ya kuandikia maandishi, mwaka 1983, aliwaruhusu watu wagawe nakala, na nakala ya mtu ikimleta mnunuzi, aliyeigawa alipata kamisheni. Walimu siwashauri uwape kamisheni ya fedha, kuna shule itawaletea shida. Ongeza miezi kwenye leseni ya shule yao.

Vipindi_Nane:

Naanza na cheti na usakinishaji, nifuate na kubandika kutoka Excel, kufuli lihamie kwenye kuchapisha kabla ya msimu ujao. Bei siigusi. Swali la mwisho Kongwe: hiyo profoma iwe hai siku ngapi? Nilifikiria 14, ili kuwe na haraka kidogo.

Kibodi Kongwe:

Yaani bado unazipenda hizo siku 14! Weka 90. Mkuu anasubiri kikao, kikao kinasubiri akidi, mhasibu anasubiri fungu. Na namba ya profoma iandike kwa herufi kubwa juu kulia, kwa sababu malipo yatakapokuja yatakuwa na namba hiyo peke yake, bila jina la shule.