Mrejesho: Nilikwenda kwenye madaraja ya mizizi Meghalaya

Wakuu, niliuliza kama Novemba niende Ladakh au Meghalaya, India. Wengi mlisema Meghalaya, mvua zikishakatika. Nimerudi, asanteni sana.

Kutoka jiji la Guwahati hadi Shillong, mji mkuu wa Meghalaya, ni kama kilomita 100, kisha gari la kuchangia hadi mji mdogo wa Sohra. Nongriat, kijiji chenye daraja nililolifuata, hakufiki gari: unashuka kwa miguu kutoka kijiji cha Tyrna, ngazi zaidi ya 3,000. Aliyenishauri nibebe fimbo, Mungu akubariki, maana magoti yalitetemeka hadi chini.

Lile daraja la ghorofa mbili ni mti ulio hai. Wakhasi, wenyeji wa huko, huelekeza mizizi ya mti wa mpira, ndugu wa mkuyu wetu, ivuke mto. Mara nyingine huipitisha ndani ya magogo ya mpopoo yaliyopasuliwa. Inachukua miaka 15 au zaidi kabla halijabeba watu. Pembeni niliona kizizi kichanga, chembamba kama kidole, kimefungwa kamba kielekee ng'ambo. Aliyekifunga anawatengenezea wajukuu zake. Nilisimama pale muda mrefu.

Anayekwenda alale kijijini, asigeuze siku hiyohiyo. Alfajiri daraja huwa halina watu. Na abebe pesa taslimu.