Naomba ushauri: historia ya Waebrania nianze kuifundisha wapi?

Habari zenu wakuu. Nimepewa kipindi cha vijana kanisani kuhusu chimbuko la Waebrania na dini ya Kiyahudi. Mzee wetu wa kanisa anataka nianze na Ibrahimu kutoka Uru, nifuate kitabu cha Mwanzo. Mimi navutwa na jiwe la Farao Merneptah, la mnamo 1208 KK, lililofukuliwa Thebes, mji wa kale wa Misri, mwaka 1896. Jina Israeli limechongwa humo, na pembeni yake mwandishi wa Misri ameweka alama ya watu, wakati miji ya jirani kama Ashkeloni ina alama ya nchi. Yaani walikuwa tayari Kanaani, ila hawakuhesabiwa kama dola! Vijana wakiona hilo watasisimka.

Halafu kuna uhamisho wa Babeli, yaani Wayahudi kupelekwa mateka Babeli, Yerusalemu ilipoanguka 586 KK na hekalu kuteketea. Naona hapo ndipo pazito kuliko pote, maana imani ilibaki hai bila hekalu wala mfalme.

Mliowahi kufundisha mada hii, mlianzia wapi? Na maswali ya kitabu cha Kutoka, yaani Waisraeli kuondoka Misri, vijana wakitaka ushahidi wa Misri, mliyajibuje bila kuwavunja moyo?