La Clape, Cassis au Côtes du Rhône: mvinyo upi mweupe uende na samaki wa kupaka?

Mzizima: Ndugu zangu, ninaishi Montpellier na Jumamosi nitawapikia wageni sita samaki wa kupaka. Nahitaji mvinyo mweupe mkavu, yaani ambao sukari ya zabibu imechacha karibu yote, tena uliochanganya aina kadhaa za zabibu kama ilivyo desturi ya kusini mwa Ufaransa. Nimebakiza hiyo mitatu na siwezi kuamua.

Binti Pangani: Chukua La Clape. Ule mlima wa mawe ya chokaa karibu na Narbonne ulikuwa kisiwa enzi za Warumi, na zabibu yake kuu, Bourboulenc, huchelewa kuiva na hubaki na uchachu hata jua likiwa kali. Ukionja, kuna kama chumvi inayobaki pembeni mwa ulimi, na ndiyo itakayokata mafuta ya tui.

Mpishi wa Makuti: Dada, hapo naomba kutofautiana nawe. Uchachu tayari umo katika ndimu na ukwaju. Tui zito linataka mvinyo wenye mwili, yaani unaojaa mdomoni, nao ni Côtes du Rhône, ambamo zabibu ya Grenache Blanc huleta uzito, Marsanne na Roussanne huleta harufu ya peari na asali, na Clairette huzuia yote hayo yasilemee. Soma karatasi ya nyuma ya chupa: ikiwa Viognier imetajwa ya kwanza, iache, kwa sababu manukato yake yatashindana na bizari.

Mzee Kilindini: Cassis, karibu na Marseille, ni miongoni mwa maeneo ya mvinyo ya kwanza kutambuliwa rasmi Ufaransa, mwaka 1936, na mvinyo wake mwingi ni mweupe, wa Marsanne na Clairette. Bei iko juu kwa kuwa mashamba yamebanwa kati ya majabali na bahari, wala hayana pa kupanukia. Mimi nauheshimu sana, lakini ningeuweka kwa supu ya samaki ya Marseille, si kwa chakula chenye pilipili.

Mzizima: Nawashukuru wote. Jana nilinunua La Clape na Côtes du Rhône, nikapika mchuzi kidogo nikavijaribu pamoja. La Clape ulikuwa mtamu kwa pweza wa kuchoma, ila tui liliufanya uwe mwembamba mdomoni. Côtes du Rhône, nilipoumimina moja kwa moja kutoka kwenye friji huku glasi ikitoka jasho, haukunukia chochote. Baada ya dakika ishirini hivi mezani ile peari ikajitokeza, na nazi ikawa kama imekolezwa. Basi pweza atatangulia na La Clape baridi, samaki atafuata na Côtes du Rhône, ambao nitautoa kwenye friji mapema.

Mpishi wa Makuti: Nyuzi 12 zinautosha, kaka.